Gauni la Bluu Nililomshonea Mama Bila Kumpima

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukadhani huko mbele nitatafuta mtu wa kumtupia. Kumtupia mtu nilishamtupia, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Mimi ndiye niliyemvalisha mama yangu mzazi gunia la lesi ya bluu mbele ya watu kama mia mbili, siku ya misa yake ya shukrani, kwetu Uru. Kisha nikashika kipaza sauti nikasema vipimo alichukua mke wangu. Mke wangu hakumpima mama. Hakuna mtu aliyempima mama. Nikikumbuka ile sauti yangu kwenye spika najiona kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji akiwa ameshaumeza.

Niseme kidogo mimi ni nani, jina hapana. Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba saruji mgongoni pale Moshi mjini mpaka ngozi ikaota sugu. Leo nauza saruji hiyohiyo dukani kwangu, nina malori, nina nyumba mbili, na wenye digrii wananiamkia. Hakuna aliyenishika mkono. Kila kitu nilichonacho nimekitazama kikifanywa na mwingine, nikajifunza, nikafanya mwenyewe. Hayo maneno nimeyasema kwenye kila kikao cha harusi nilichokaa. Sasa hivi nikiyaandika nayaona yananuka.

Kushona kuliingia kwangu kwa hasira. Fundi mmoja alikaa na suruali zangu wiki tatu. Kila nikienda, "njoo kesho, bosi". Siku aliyonipa, mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na yeye ananiambia nisimame vizuri. Nikamwambia, "Weka mkasi wako. Nguo zangu nitashona mwenyewe." Mafundi wote pale kibarazani wakacheka.

Basi nikatafuta cherehani. Nilikipata kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga duka lake la ushonaji, watoto wake wote wamehamia ng'ambo. Mzee kazaliwa Moshi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na Kichagga anakujibu. Alinifundisha asubuhi nne. Namna ya kupitisha uzi, namna ya kujaza bobini, namna ya kukanyaga bila papara. Siku ya mwisho aliniita Mangi, kama wanavyoitwa Wachagga wenye maduka, akaniambia kitu nikakipokea kwa sikio hili kikatokea hili.

"Mangi, sikiliza. Utakuja kuona uvivu wa kupima. Utachukua nguo ya zamani ya mtu, utailaza juu ya kitambaa, utakata. Usifanye hivyo. Nguo ya zamani inakuonyesha mtu alivyokuwa. Wewe unamshonea alivyo leo."

Nikasema sawa mzee. Kichwani nilikuwa nawaza kola.

Na siwezi kudanganya, raha niliipata. Nilikiweka cherehani barazani, upande unaotazama mlima, na asubuhi kabla ya kwenda dukani nakaa pale na chai yangu. Ule mlio unakutuliza. Kitambaa kinaingia upande huu ni kitambaa, kinatoka upande ule ni bega la shati. Mtu aliyekua na kaptula ya viraka akiona hivyo, anajiona mkubwa sana.

Kero nazo hazikosi. Shati langu la kwanza lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. La pili, uzi ulijikunja chini kama kiota cha ndege mpaka sindano ikavunjika. Zipu ya suruali niliifumua mara tano. Nisikufiche, kushona nyumbani ni kufumua. Unashona nusu saa, unafumua saa nzima, macho yanakutoka machozi, na kitambaa kimeshaota matundu.

Mke wangu nitamwita Mama Neema hapa, ingawa binti yetu haitwi Neema. Kwao ni Machame, Wachagga wenzetu wa mlima huohuo. Alikuwa ananiletea chai, anatazama ile mikono miwili ya kushoto, anauma mdomo asicheke.

"Baba Neema, huyo mtu unayemshonea, mkono wa kulia aliuachia wapi?"

"Ngoja. Utaniomba nikushonee wewe."

"Nitakuomba. Nikishakuwa na mikono miwili ya kushoto."

Tulicheka siku hiyo. Namkumbuka alivyocheka kwa sababu sasa sijui kama atacheka tena mbele yangu.

Mwaka ukapita, mkono ukakaa. Nikavaa shati langu kanisani, watu wakauliza nimenunua wapi. Hapo ndipo niliharibika. Kila anayepita namwonyesha pindo. "Gusa hapa. Mashine ya kiwandani haiwezi hivi." Wateja wamekuja kununua misumari, wananisikiliza nikihubiri kola. Hata nikichukia leo, simchukii mtu mwingine zaidi ya huyo bwana wa kugusisha watu pindo.

Ikafika hii misa. Mama alikuwa anatimiza miaka themanini, na sisi watoto tukakubaliana Desemba, wakati wote wamerudi nyumbani, tumfanyie shukrani. Dada yangu mkubwa yuko Dar, ndiye aliyepanga vyakula na turubai. Akasema gauni la Mama lishonwe na yule mama wa kijijini anayemshonea siku zote.

Nikasema, "Gauni la Mama nashona mimi. Tena lisiguswe na mkono mwingine."

Nilitaka itajwe. Nilitaka watu waseme kamsomeshea wajukuu, kamjengea nyumba, na hata gauni kamshonea kwa mkono wake. Upendo ulikuwepo, ila ulikaa nyuma ya gari.

Mama alipenda bluu, ile anayovalishwa Bikira Maria. Nikanunua lesi nzito, nzuri, na bitana ya kuteleza. Jumapili nikapanda Uru kuchukua vipimo.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe, na labda watu wa kwetu mtanielewa upesi. Mtoto wa kiume, mzee mzima, hazungushi futi kifuani kwa mama yake. Haipo. Nilisimama sebuleni nimeshika ile futi kama nimeshika nyoka. Mama akanitazama akacheka.

"Sasa wewe baba, unataka kunipima nini? Nenda huko."

"Nitajuaje ukubwa, Mama?"

"Si uje na mkeo anipime?"

Kumbe mlango ulikuwa wazi hivyo. Dakika mbili za mke wangu, na kila kitu kingejulikana. Lakini mimi nikaona mke wangu akipima, siku ya misa atasema "tulishona". Sikutaka neno "tulishona". Nikafungua kabati nikachukua gauni lake la zambarau, lile alilovaa kwenye kipaimara cha mjukuu miaka mingi nyuma. Nikamwambia nakwenda nalo, litakuwa sampuli.

Akasema taratibu, "Hilo siku hizi linanizidi, baba. Mwili umepungua."

Nikamjibu, na nitakufa nikilikumbuka jibu hili, "Lesi inapendeza ikiwa na nafasi, Mama. We kula tu, utalijaza."

Mbele yake kulikuwa na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, ambalo nilimletea mwenyewe. Alikuwa amekula vijiko viwili, akafunika na sahani. Nililiona bakuli. Nilidhani ameshiba.

Alikuwa amevaa sweta mbili na kanga juu yake. Kule kwetu juu baridi ipo, nani atashangaa bibi kuvaa sweta mbili?

Mke wangu alishangaa. Nilivyofika nyumbani nikamsimulia, akaniambia, "Hata juzi nilipomwona, Mama alikuwa kama amepungua usoni. Ngoja Jumatano nipande nikampime, upate vipimo vya sasa."

"Wazee hupungua. Vipimo ninavyo."

"Unavyo vya gauni. Vya Mama huna."

Nikamwambia mambo ya cherehani aniachie mwenye cherehani. Akaniachia.

Lile gauni nililishona wiki mbili. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu vile. Bitana nimeilaza haina hata kunyanzi moja, pindo nimelishona kwa mkono, mgongoni vifungo vidogo nimevivisha lesi kimoja kimoja. Kilichobaki nikajishonea shati ili tufanane. Na ili liwe la kushtukiza, sikumpelekea Mama ajaribu. Nilimkabidhi asubuhi ya misa, limekunjwa kwenye sanduku lenye utepe. Fundi gani anafanya hivyo? Hata yule wa suruali ya mguu mmoja mrefu angenicheka.

Mama aliingia chumbani kuvaa. Alikaa sana. Nikabisha, akasema ingia.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba ameshika kifua cha gauni kwa mikono miwili lisidondoke. Bega moja limeshatoka nje. Mikono ya gauni imefunika vidole. Chini lesi imelala sakafuni.

Akasema, "Ni zuri sana, baba. Rangi yenyewe ndiyo hiyo."

Mke wangu akaingia nyuma yangu na pini. Alikuwa na zile kubwa za kufungia nepi, sijui alizitoa wapi haraka vile. Nikamnyang'anya. Nikasema nitarekebisha mwenyewe, ni nguo yangu. Nikamgeuza Mama, nikakusanya lesi mgongoni, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia la mahindi. Mgongo wake ulikuwa wazi mbele ya macho yangu. Mifupa ilikuwa imesimama mmoja mmoja, ungeweza kuihesabu. Niliiona. Nikaifunika na lesi, nikachoma pini.

Pini ya tatu ilimwingia. Akavuta pumzi. "Taratibu, baba." Basi, hilo tu. Pakatoka doa dogo la damu kwenye bluu, nami, haki ya Mungu sijui nilikuwa mnyama gani, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba lesi imechafuka.

Misa ilikwisha salama kwa kuwa alikaa kitini. Shida ilikuja kwenye sherehe. Mshereheshaji nilikuwa nimempa karatasi asome, nimeiandika mwenyewe. Akatangaza: mama yetu atatembea katikati ya wageni, mlione gauni lililoshonwa na mwanawe kwa mikono yake. Ngoma ikapigwa. Mama akainuka.

Alitembea hatua nane au tisa. Pini moja ikafyatuka, bega likatoka, akakanyaga pindo akayumba. Mke wangu aliyekuwa anapita na sinia la mtori akamdaka kwa mkono mmoja. Mtori ukamwagika, lakini Mama hakuanguka.

Kwenye meza ya wazee wenzangu, mmoja tuliyekua naye, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshamkolea, akapaza sauti. "Mangi! Hilo gauni au ndilo turubai lililobaki?"

Watu wakacheka. Turubai zima likacheka. Mimi ambaye wenye digrii wananiamkia, nimesimama na shati la bluu linalofanana na lile gauni, nachekwa.

Nikamchukulia mshereheshaji kipaza sauti. "Jamani, kushona nimeshona mimi, mnaona ushonaji wenyewe. Vipimo alichukua mke wangu. Mnawajua watu wa Machame, mkono wao ukipima unaongeza."

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama yeye. Alikuwa amechuchumaa anafuta mtori kwenye viatu vya Mama. Akainua uso akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyedhani unamfahamu ukamwita kwa jina, akageuka, kumbe siye. Kisha akaokota sinia akaenda jikoni.

Ungekuwa uongo wa kuchekesha tu, labda ungepita. Lakini jioni ile wageni walipopungua, dada yangu mkubwa aliingia kumvua Mama nguo apumzike. Akatoka amebadilika uso. Tulikuwa ukumbini, wanafamilia tu.

"Mama amebaki mifupa," akasema. "Kiuno chake nimekishika kwa viganja viwili vikakaribia kukutana." Akamgeukia mke wangu. "Wifi. Wewe ulimpima."

Akamsogelea.

"Ulizungusha futi kwenye kiuno kile. Ukasoma namba. Ukajua. Ukakunja futi yako ukaenda zako na usiseme hata neno kwa mtu? Au ulikuwa unasubiri afe?"

Dada mwingine akadakia, "Nilimwambia kaka toka zamani kuhusu wanawake wa Machame na uchawi, akaniona mbaya."

Unaona sasa uongo wangu ulipofika? Nilidhani nimemtupia mke wangu gauni bovu. Kumbe nimemtupia mwili wa Mama. Aliyepima ndiye aliyejua. Na yule mwanamke, katika ukoo mzima, alikuwa ndiye peke yake aliyesema Mama amepungua, akaambiwa anyamaze.

Akanitazama. Kila mtu akanitazama, wakidhani nitamtetea mke au nitamlaumu. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya mifupa ya mbuzi. Nikachukua mmoja nikaanza kuuguguna. Haukuwa hata na nyama.

Hilo ndilo ungamo langu. Gauni ni upumbavu, kipaza sauti ni kiburi. Lakini ule mfupa niliouguguna huku mke wangu anaitwa mchawi, huo sijui niuite nini.

Hospitali walituambia ni uvimbe tumboni, wa muda mrefu. Daktari ni kijana, akauliza kwa upole kabisa, "Hamkuona anavyopungua? Angeletwa miezi michache nyuma tungekuwa na mengi ya kufanya." Dada yangu akasema, "Aliyeona yupo," akamnyooshea mke wangu kidevu. Na mimi nikatazama dirishani.

Tulimleta Mama kwangu mjini. Anayemwogesha ni mke wangu. Anayemlisha, anayemgeuza, anayekaa naye akitapika, ni mke wangu. Dada zangu wakija wanaleta mtori wao kwenye chupa ya chai kutoka kwao, hawataki Mama ale cha Mmachame. Mke wangu anaupokea, anaupasha, anamlisha Mama huohuo mtori wa matusi.

Siku moja nikamfuata jikoni nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema kweli. Akajibu bila kuacha kumenya ndizi.

"Niseme mbele ya Mama, siku yake ya shukrani, kwamba mwanawe ni mwongo? Mimi sikulelewa hivyo. Kulisema ni kazi yako."

Nikasema nitalisema. Nikangoja siku nzuri. Siku nzuri ilipita, ikapita na nyingine.

Basi Mama mwenyewe akatuita, mimi na dada zangu wote. Akasema anataka gauni lake la mwisho, mnaelewa gani. Anataka bluu ileile, na nishone mimi.

"Ila safari hii nipimwe," akasema.

Mke wangu akaleta futi. Dada yangu mkubwa akasimama kwenye kona ya kitanda, mikono kifuani. Mimi nikakaa na daftari, kazi yangu kuandika. Mke wangu akamwinua Mama kwa mkono mmoja kama anavyoinua kikapu cha mayai, akapitisha futi.

"Kifua, ishirini na tisa."

Nikaandika.

"Kiuno, ishirini na tatu."

Gauni la zambarau lilikuwa thelathini na sita. Nililiandika juu ya hiyo ishirini na tatu, sijui kwa nini. Mkono ulijiandikia.

Dada yangu akasema kwa kejeli, "Leo wifi unasema namba kwa sauti. Siku ile ulizisomea moyoni."

Mama alikuwa amefumba macho, tulidhani amesinzia. Akasema, "Hajawahi kunipima huyu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza."

Dada yangu akashusha mikono.

"Huyu kijana alikuja na futi akaona aibu," Mama akaendelea, polepole, anapumzika kila baada ya maneno mawili. "Nikamwambia amlete mkewe. Akachukua gauni la zamani. Nilisubiri aseme mwenyewe. Naona nitaondoka hajasema."

Dada yangu akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

Hilo ndilo ungamo nililolifanya mbele yao: maneno mawili, baada ya mgonjwa kunimalizia mengine yote. Mtu niliyejijenga mwenyewe, sikuambiwa na mtu, sikushikwa mkono, nimesemewa ukweli wangu na bibi asiyeweza kukaa bila mto.

Kesho yake asubuhi dada yangu alikuja na jani la isale alilolichuma kwetu Uru. Kwetu isale likiletwa mkononi, aliyekosewa hawezi kulikataa. Alipiga magoti mlangoni pa jikoni akamwita mke wangu mama. Mke wangu akalipokea, akamwinua, wakalia wote wawili. Toka siku hiyo wanapika pamoja.

Mimi nikaleta langu siku ya pili yake. Nilichelewa hata kwa hilo. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimepokea." Akaenda akaliweka barazani juu ya cherehani. Nikasubiri aseme lingine. Mila inamtaka apokee, haimtaki aongee.

Wale watu mia mbili bado wanaamini alichosema mume kwenye spika. Ndiyo maana naandika. Jina sijaweka, na ninajua huo nao ni woga. Lakini gauni la bluu la Uru waliliona wote, na wakisoma hapa watajua ni nani. Wajue basi. Mke wangu hakumpima mama yangu. Alitaka kumpima, nikamkataza.

Na wewe mwanaume unayejisifu kwamba hukusaidiwa na mtu, nakuonya. Ukiona unamzuia mtu asiguse kazi yako ili usigawane sifa, simama hapohapo, weka mkasi chini. Ukiona mzazi wako anavaa sweta mbili, mwambie avue moja umtazame. Kama unaona aibu kumpima, yupo mtu ndani ya nyumba yako asiyeona aibu. Mpe futi. Na ukishamsingizia mtu, usingoje siku nzuri ya kulisahihisha. Itapita mbele yako ukiwa unaguguna mfupa.

Gauni la pili lilishakwisha, lakini haliishi. Kila Jumamosi mke wangu anampima Mama upya, kwa sababu mwili haungoji. Mimi nakaa barazani na cherehani, mlima uko mbele yangu, siutazami. Harufu tu ya mafuta ya mashine inanitia kinyaa. Nafumua pale nilipokwisha shona, nabana, nashona tena. Mkono wangu sasa ni mzuri kuliko wa fundi yeyote mjini, na sitaki mtu aguse pindo.

Jumamosi iliyopita alikuja mpaka mlangoni, futi shingoni, hakuvuka kizingiti.

"Kiuno," akasema, "toa inchi moja."

Akarudi ndani kwa Mama. Ndiyo maneno anayoniambia siku hizi. Hana mengine.